Mbuzi Aliyekula Mstari wa Njano

Kwa furaha isiyo na kipimo, Ofisi ya Nidhamu ya Shule za Palo Seco, Texas, inautangazia ulimwengu kwamba imelitatua swali ambalo mataifa makubwa bado yanalikwepa: mwanafunzi ambaye tayari anatumikia adhabu akikosa tena, apelekwe wapi?

Nasema kama mhusika. Mimi ni Delbert Hruska, Naibu Mkurugenzi wa Nidhamu Mbadala. Cheo hicho kimeandikwa mlangoni pangu kwa herufi kubwa kuliko jina langu, kama inavyostahili.

Mwanafunzi wa hapa akitenda kosa zito, hatumfukuzi. Tunamhamishia Programu Mbadala, jengo lisilo na madirisha nyuma ya maegesho ya mabasi. Humo shati huchomekwa, mikono huwekwa nyuma, na kila mtu hutembea juu ya mstari wa njano uliobandikwa sakafuni. Asiyeuona mstari hasogei. Na muda wote wa adhabu haruhusiwi kukanyaga shughuli yoyote ya shule, iwe mpira wa Ijumaa au maonyesho ya mifugo.

Yesenia Villarreal aliletwa kwetu kwa kukutwa na kisu. Kisu chenyewe kilikuwa cha kupunguzia kwato. Alikuwa amemhudumia mbuzi wake, Duquesa, asubuhi kabla ya shule, akakisahau kwenye koti. Mbele ya kamati alilia waziwazi.

"Mheshimiwa, nilisahau tu. Nipeni adhabu yoyote, ila nisikose maonyesho. Duquesa nimemlea mimi, kwa chupa, tangu mama yake afe."

Daktari Royce Stubblefield, Msimamizi Mkuu wa shule zetu zote, alimsikiliza kwa utulivu mkubwa huku akimenya chungwa. Ganda lilishuka refu, bila kukatika hata mara moja. Ni mtu mwenye mkono mwepesi.

"Binti," akasema, "kusahau si utetezi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Kisha akakigeukia kipaza sauti cha redio ya mji. "Palo Seco haitavumilia kisu! Kwa mtu yeyote, awe nani, awe na cheo gani!"

Maneno hayo yalinikosha roho. Niliyaingiza kwenye kanuni kama yalivyo, hata alama ya mshangao sikuiondoa.

Yesenia akapewa adhabu ya kuisha Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, kwa sharti asikose tena. Naye hakukosa. Aliyekosa ni mbuzi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya adhabu. Babu yake, Don Eusebio, alisimamisha pikapu getini amletee mjukuu chakula alichosahau mezani. Duquesa alikuwa nyuma ya gari. Akasikia sauti ya Yesenia ikijibu swali la jiografia, akaruka, akapita kwenye mtambo wa kukagua vyuma. Kengele ya shingoni ikauliza mtambo, mtambo ukajibu kwa kelele.

"Simama hapo hapo!" akapaza sauti Bi Lurlene, mlinzi wetu. "Vua viatu!"

Mbuzi hakuvua. Aliingia ukumbini, akaunusa ule mstari wa njano, akaubandua na kuutafuna kuanzia mlango wa ofisi hadi chooni. Wanafunzi waliokuwa njiani waliganda walipo, kwa maana hawakuwa na mstari. Mwalimu wa hesabu, ambaye kanuni haimhusu ila ameizoea, alikwama nje ya choo akiwa katika hali ya kusikitisha.

Tukaitisha kikao cha dharura kujadili Kosa Jipya Zito: Uharibifu wa Miundombinu ya Utii.

"Jamani, mtoto alikuwa darasani!" alilalamika Don Eusebio, kofia mkononi. "Aliyekula ni mbuzi."

"Mzee wangu, mbuzi si mwanafunzi," nikamweleza kwa upole. "Hatuna mamlaka juu yake."

"Kwa hiyo mnamwadhibu mwenye masikio mafupi?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Yesenia akafuta pua kwa mkono wa shati. "Sasa mtanipeleka wapi, Mwalimu Hruska? Kwenye adhabu si ndipo hapa nilipo?"

Swali lilikuwa la uchochezi, lakini lilikuwa na mantiki. Daktari Stubblefield alifumba macho, akayafumbua akiwa tayari na jibu: Programu Mbadala ya Programu Mbadala.

Tuliijenga haraka. Ni chumba cha mabati nyuma ya jengo, ndani ya uzio uleule, chenye dawati moja tu, kwa sababu wawili ni kundi na kundi ni genge. Kanuni ikasema: yeyote atakayepatikana na kosa zito ndani ya uzio atahamishiwa humo papo hapo. Yesenia angeingizwa Ijumaa mchana, baada ya utepe kukatwa, na Jumamosi angeisikia tu kwa mbali.

Ijumaa ikafika. Palikuwa na mbavu za kuchoma, redio hewani moja kwa moja, na utepe mwekundu mlangoni. Yesenia alisimama pembeni, shati limechomekwa, macho yamevimba. Daktari akahutubia hadi mbavu zikapoa, kisha akanyoosha mkono.

"Mkasi!"

"Niliutaifisha getini, bosi," akasema Bi Lurlene. "Una ncha."

"Mkasi wa sherehe?"

"Ncha ni ncha."

Daktari akacheka kicheko cha mtu mkubwa. Akatia mkono mfukoni, dole gumba likafanya *tak*, makali yakang'aa, utepe ukaanguka. Tukapiga makofi. Makofi yakaanza kupungua, yakabaki ya mtu mmoja, ambaye ni mimi.

"Samahani, wakubwa," akasema Don Eusebio. "Macho yangu ya kizee. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Hiki? Hiki ni cha babu yangu. Ninacho kila siku, hata huwa nasahau kama kipo."

"Umesahau, Daktari?" akauliza mtu wa redio, akimsogezea kipaza sauti.

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Texas ni ngumu. Nikaifungua kanuni. Nikasoma: awe nani, awe na cheo gani. Nikasoma na mshangao wake.

"Delbert, acha mzaha!"

"Maneno ni yako, Daktari. Mimi niliyapiga chapa tu."

"Kilete huku, mheshimiwa," akasema Bi Lurlene, mkono wazi. "Na shati uchomeke."

Akaingia, mikono nyuma, akakaa kwenye dawati. Magoti hayakuingia chini yake.

"Na mimi?" Yesenia akauliza kwa sauti ndogo.

Nilitafakari kitaalamu. Dawati limejaa. Kule alikotoka adhabu imeisha mchana huo. Hakuna mahali palipobaki isipokuwa shule yake ya kawaida, nayo imefungwa hadi Jumatatu.

"Nenda nyumbani," nikamwambia, "kwa sababu ya ukosefu wa kiti."

Alipiga ukelele, akamrukia babu yake hadi kofia ikaanguka. Nami nilifurahi, furaha ya kweli, ingawa hakuna kifungu kinachoniruhusu.

Jumamosi Duquesa alishika nafasi ya tatu, na utepe wa ushindi akautafuna. Daktari ndiye aliyekuwa agawe zawadi, lakini wenye adhabu hawakanyagi maonyesho. Nilimkuta nje ya uzio wa maonyesho, ameshika chungwa.

"Delbert," akaninong'oneza, "una kisu?"

Changu kilikuwa mfuko wa kulia, kama cha kila mwanaume uwanjani pale.

"Kisu, Daktari?" nikasema kwa sauti. "Hapa Palo Seco?"

Akaanza kulimenya kwa kucha. Ganda lilitoka vipande vipande, na maji yake yakamrukia machoni.