Konokono Aliyegeukia Kushoto

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imekatika. Nimeokota konokono kwenye ukuta wa shamba la mizeituni nyuma ya shule. Gamba limejisokota kushoto! Kitabu kinasema mdomo wa gamba hukaa kulia. Nimemgeuza mara saba, bado kushoto. Aina mpya, haina ubishi. Nimempa jina langu mwenyewe: konokono wa Azzouz. Tangu hapo moyo unadunda, chakula hakipiti.

Ijumaa mkuu wetu, Bi. Rkia, atachagua mwalimu wa kukabidhiwa chumba kipya cha viumbe. Chumba chenye dirisha! Miaka sita nafundisha sayansi chini ya ngazi, vumbi la viatu vya watu likiniangukia kichwani. Mpinzani ni mmoja, Bouchta wa jiografia, na maua yake makavu.

Jumanne, 15 Aprili

Lazima kuhakikisha. Nimekwenda kwa Ba Driss, muuza supu ya konokono langoni mwa soko. Konokono mwenyewe sikumpeleka, kwa kuogopa wizi. Nilipeleka mchoro. Ba Driss hakuacha hata kukoroga sufuria.

"Huyo ni yuleyule wa supu, mwalimu. Kajikunja upande wake tu. Kila mwaka napata wawili watatu. Kunywa, inapoa."

Miaka arobaini anatazama konokono, na hajui kitu! Nimemwandikia Bi. Rkia kwamba aina mpya imepatikana hapa mjini kwetu Sefrou. Amejibu kwamba amemwalika Dakta Hafsa Berrada, mtaalamu wa konokono kutoka Rabat, aje Ijumaa amwone. Nilitaka pongezi, si mtaalamu.

Jumatano, 16 Aprili

Bouchta kaniuliza nina nini mfukoni. Nikasema zabibu. Akauliza mbona zabibu zangu zinatoa pembe. Nikakimbia.

Shuleni si salama. Nimemhamishia nyumbani, ndani ya kopo la mtindi lenye matundu, juu ya kabati. Nimeamka mara nne kumchungulia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwisha! Nimerudi kazini, kopo tupu, limeoshwa. Mama ana kilo tatu za konokono wa supu ya mashangazi wanaokuja leo. Tangu Jumapili wamo kwenye ungo uliofunikwa, wanalishwa unga wasafike matumbo. Kamwona wangu peke yake, kamchanganya na wenzake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema konokono mmoja hashibishi hata paka.

Nimekaa sakafuni nikiwageuza mmoja mmoja. Mama alikuwa anaosha majani ya zaatari ya kunukiza supu na kusikitika kwamba mwanaume wa miaka thelathini na nne anachezea chakula cha watu. Wa mia na arobaini: kushoto! Nikambusu. Nikaendelea kidogo, kujiridhisha tu. Karibu na chini, mwingine. Naye kushoto.

Aina mpya gani hii inayopatikana wawili kwenye ungo wa mama? Bouchta atanicheka mpaka nistaafu. Mmoja ni muujiza, wawili ni kitoweo. Nikaamua. Aliye mtanashati zaidi nikamrudisha koponi, wa pili nikamtia sufuriani kwa mkono wangu mwenyewe. Yupi alikuwa wangu, sijui. Nimekunywa supu mabakuli mawili, ushahidi usibaki.

Ijumaa, 18 Aprili

Dakta Berrada kamtazama nusu dakika. Konokono wa kawaida wa bustani, akasema, ila kazaliwa kageuka. Bouchta akakohoa kwa furaha.

Kisha Dakta akaeleza kwamba kiumbe kama huyu huzeeka mpweke, kwa sababu wa kulia hawawezi kujamiiana naye. Miaka kumi na moja anatafuta wawili wa kushoto walio hai kwa wakati mmoja, awazalishe, ajue kama watoto watarithi. Atakayempatia jozi, jina lake litaandikwa kwenye utafiti, na shule yake itajaziwa vifaa chumba cha viumbe.

"Mwalimu, hapo ulipompata huyu, hukuona mwingine?"

Wote wakanitazama. Nikasema sikuona. Tumbo likanguruma, kila mtu akasikia. Dakta akamchukua yule mmoja kwa huruma, Bi. Rkia akampa Bouchta ufunguo. Nimerudi chini ya ngazi na nimelia kidogo.

Jumamosi, 19 Aprili

Tangu asubuhi nimepekua ukuta mzima na magunia ya konokono sokoni. Wote kulia. Ba Driss kaniambia nirudi mwakani.

Mwakani! Nimechukua konokono wa kulia, nikamweka mbele ya kioo cha kabati la mama, nikapiga picha ya kile kilichomo kiooni. Kushoto safi kabisa! Nimemtumia Dakta: wa pili amepatikana, yu hai, ana afya.

Amejibu papo hapo. Anakuja Jumatatu na kisanduku chake, pamoja na Bi. Rkia. Hakuuliza hata swali moja, na huyo ndiye mtaalamu! Moyo unadunda tena, lakini safari hii nimepanga vizuri. Kilichobaki ni kumpata konokono tu.