Nyota Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimempandisha dada yangu kutoka namba arobaini na tatu hadi kumi na moja. Kazi ya dakika moja. Hakuna aliyeumia.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Mimi ndiye mtunza orodha wa kliniki ya macho. Daktari wa upasuaji huja mara mbili kwa mwaka, hukaa siku mbili, hupasua watu arobaini, huondoka. Safari hii anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Orodha ya wanaomsubiri imo ndani ya kompyuta, na kompyuta iko mezani kwangu. Wenzangu wana vyeti ukutani. Mimi niliacha shule darasa la sita, walimu walipoishiwa cha kunifundisha.

Kompyuta yenyewe kuukuu. Kitufe cha m kinatoa m mbili kila ukibonyeza. Nikiziona mbili, nafuta moja. Mzoefu hasumbuki.

Dada ndiye aliyenilea. Jicho lake la kushoto limeshazima. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alimwambia mara ya mwisho kwamba presha ya jicho haina subira: apasuliwe safari hii au basi tena. Namba arobaini na tatu, watu arobaini. Nani angekaa kimya?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada yuko arobaini na tatu tena.

Najua ni nani. Karani wa mapokezi. Namwita Bi Rula, kwa sababu hata akiandika jina lake anapiga mstari kwanza. Meza yake iko nyuma ya yangu. Kompyuta ikitaka neno la siri inaleta kisanduku cha kijivu, unaandika, na kila herufi inakaa pale wazi kama nguo kwenye kamba. Neno langu lilikuwa jogoo. Amelisoma juu ya bega langu huku anakoroga chai.

Nikamuuliza nani kagusa orodha. Akajibu kwa ule upole wake wa kuudhi kwamba namba kumi na moja ni ya fundi mwashi mmoja ambaye kasubiri mwaka mzima, na kwamba yeye hajampandisha mtu, karudisha tu watu walipokuwa.

Nimebadili neno. Sasa ni jogoo2. Dada kumi na moja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Arobaini na tatu.

Bi Rula kasema, bila kuinua kichwa, kwamba jogoo mmoja alitosha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata dawa yake. Nimeitwaa kwa fundi wa kompyuta, yule mwenye kibanda cha simu mkabala na geti. Nilimuuliza kwa nini mashine ya benki inaonyesha nyota na yangu inanivua nguo. Akaeleza kwamba kile kisanduku cha kijivu kinakuja tayari kutoka kiwandani, hakina uwezo wa kuficha kitu. Lazima utengeneze fomu yako mwenyewe, uweke kisanduku chako ndani yake, ukiagize: chochote kitakachoandikwa, onyesha nyota. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nataka kusema.

Tukaunda fomu kuanzia saa tatu hadi saa saba. Nilisimamia, yeye akabonyeza. Nikaongeza utundu wangu. Ukikosea mara tatu, programu nzima inajizima. Kisha akasema kuna kitufe ukikishikilia wakati wa kufungua unaipita fomu kwa mlango wa nyuma. Nikamwamuru auzibe. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaniuliza nikisahau neno nani atafungua.

Nilimcheka. Mimi nakumbuka namba za malori yote niliyoendesha, likiwemo lile nililoliteremsha mlima mzima bila breki huku nusu nimesinzia. Abiria walishuka wakaniomba nirudie.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Neno jipya: simbamzee. Herufi tisa. Niliandika, nikarudia kama fomu inavyotaka. Nyota tupu, safu nzuri nyeusi. Fomu ikakubali. Dada kumi na moja, na safari hii kakaa.

Bi Rula alisimama nyuma yangu na kikombe chake. Nilimwona kwenye kioo cha kompyuta, midomo inahesabu. Akasema, haya, neno lako lina herufi kumi na moja, hongera.

Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Mtu wa rula, na hawezi kuhesabu hadi tisa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Limebaki jambo moja. Bi Rula ana daftari kubwa la mistari, lina majina yote ya wagonjwa kwa mpangilio wake, na namba za simu. Nyota zangu zina faida gani kama daftari linalala wazi kwenye droo? Nikaenda kwa mganga mkuu kumweleza kwamba karatasi sasa ni hatari kwa usalama. Mama wa watu alikuwa kwenye simu. Aliinua mkono. Mkono ule niliuchukua kama ruhusa.

Nililipeleka daftari mwenyewe kwenye tanuri la taka. Lina jalada gumu, lilichelewa kushika moto.

Bi Rula alipojua hakupiga kelele. Alivuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Akauliza kama nilibakiza walau kurasa za simu. Nikamwambia kila kitu kimo kwenye kompyuta, salama kuliko mtoto mgongoni. Akasema haya.

Nyumbani nikawatangazia. Mpwa wangu, binti wa dada, anashona nguo sebuleni. Akasimamisha cherehani akaniuliza, Mjomba, na aliyekuwa kumi na moja sasa ni wa ngapi? Nikamwambia kumi na mbili. Akauliza, na aliyekuwa arobaini? Nikamwambia ashone.

Dada aliuliza swali moja tu. Kwamba haya yote nimeyafanya kwa ajili yake au kwa ajili ya yule karani. Uzee unaanza kumsumbua.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya kuwapigia simu watu arobaini waje kesho. Siku yangu kubwa.

Asubuhi fundi alikuja na kibodi mpya. Bi Rula aliiomba tangu mwaka jana, eti amechoka kusoma majina yenye m mbili. Dakika mbili ikawa imefungwa. Ile ya zamani akaiweka juu ya kabati la mafaili, akapanda gari kwenda kununua vipuri mji mwingine. Kibodi nzuri sana. Kimya. Ukitaka m moja unapata m moja.

Nikaandika simbamzee. Ikakataa. Nikaandika tena, polepole. Ikakataa. Mara ya tatu programu ikajizima, kama nilivyoagiza. Nikafungua upya. Mara tatu, ikazima. Hadi saa sita nilikuwa nimeifungua mara kumi na tisa. Vidole havina kosa. Neno ninalijua kama jina la marehemu baba.

Bi Rula alikuja kusimama nyuma. Akasema leo nyota ni tisa, juzi zilikuwa kumi na moja. Nikamwambia kila mtu na kazi yake, aniache nifikiri. Akasema, lakini kaka yangu, juzi zilikuwa kumi na moja, niliandika pembeni. Nikamwambia arudi kwenye meza yake.

Simu ya fundi haipatikani. Mganga mkuu alikuja, akasimama, akatazama kile kisanduku kitupu. Aliuliza liko wapi daftari. Bi Rula akanitazama mimi. Nikasema ninashughulikia. Mama alivua tu miwani akajikanda macho. Kisha akaamua: kesho saa kumi na mbili asubuhi vitagawiwa vikaratasi arobaini getini, vya siku zote mbili, atakayewahi ndiye atakayepata.

Nyumbani habari zilifika kabla yangu. Mpwa akasema atamchukua mama yake alfajiri wakapange foleni. Nikakataa. Nilisimama kabisa. Namba kumi na moja haipangi foleni. Kichwa kikipoa asubuhi orodha itafunguka, na dada yangu ataitwa kwa jina. Mtunza orodha ambaye ndugu yake anasukumana getini, watu watasemaje? Nikapanga gari ya kukodi saa nne, aingie kama mgeni rasmi.

Mpwa akamgeukia mama yake. Dada akasema, tufanye anavyosema mjomba wako. Tangu nikiwa mdogo hajawahi kunipinga mbele ya watu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilifika kazini saa moja. Vikaratasi vilikuwa vimekwisha. Nikakaa, nikaandika simbamzee mara tatu, mara tatu, mara tatu.

Gari ilifika saa nne kamili. Dada kavaa gauni jipya la buluu, mpwa kamshika mkono. Aliuliza mlangoni namba kumi na moja inaanzia upande gani.

Nikamwomba daktari atoke. Alitoka na aproni. Alimulika lile jicho la kulia kwa tochi yake ndogo, muda mrefu, akaizima. Akasema ana watu arobaini wameshaandaliwa kwa siku mbili, na kwamba akimwingiza huyu ni lazima amshushe mwingine kitandani. Akaniuliza mimi nimchagulie wa kumshusha. Hakukasirika. Aliuliza tu kama anavyouliza mtu, akangoja. Nikatazama sakafu. Sakafu ile husafishwa vizuri sana.

Dada ndiye aliyejibu. Alisema asishushwe mtu. Kisha akauliza kama yule mwashi amepata. Bi Rula akamwambia amepata, dada yangu, alikuja kwa miguu tangu saa kumi alfajiri, kikaratasi cha tatu. Dada akasema vizuri.

Nilitegemea mpwa atanitukana. Nilikuwa na majibu tayari. Alimkalisha mama yake kwenye gari, akaniambia, "Mjomba, toa mkono, nafunga mlango."

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Fundi karudi. Aliniuliza neno ni lipi, nikamnong'oneza. Akaliandika, likakataliwa. Akaniuliza siku ya kuliweka nilitumia kibodi ipi.

Akapanda kwenye kiti, akaishusha ile ya zamani kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi, akaichomeka. Simbamzee. Nyota kumi na moja. Ikafunguka.

Siku tatu ilikuwa juu ya kichwa changu. Mtu angeweza kuigusa bila kusimama kwenye kiti, kama ni mrefu.

Fundi akaanza kueleza mambo ya m na nyota. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nashuku. Bi Rula hakusema nilikuambia. Nilimngoja aseme. Alichapa orodha, akaipanga upya kwa mpangilio wake ule wa kwanza, akavuta simu, akaanza kuwapigia wote kuwaomba radhi. Namba tisa alifariki Januari. Ishirini na mbili kahamia kwa mwanawe, mbali, hataki tena kusafiri. Thelathini na sita alishapasuliwa kwingine tangu Krismasi. Kila mmoja akampitishia mstari kwa rula.

Kisha akaanza kuhesabu waliobaki, kwa ncha ya rula, kutoka juu hadi kwa dada. Akahesabu mara mbili. Akaandika 40 pembeni ya jina lake na kugeuza karatasi ielekee kwangu.

Nikamwambia hizo ni hesabu tu, na hapa tatizo halikuwa hesabu, lilikuwa kibodi. Bi Rula aliitwa mapokezi, karatasi ikabaki mezani kwangu. Nimeikunja. Ninayo mfukoni mpaka sasa, sijui kwa nini.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Sijaandika muda mrefu. Kazi nyingi. Nimepandishwa, sasa nasimamia stoo ya miwani. Orodha kapewa Bi Rula, na daftari jipya la mistari. Namhurumia.

Mchana huu nilikaa na dada sebuleni, karibu na dirisha. Jua limemjaa mapajani. Akaniuliza kama pazia limefungwa. Nikamwambia ndiyo, limefungwa. Kisha nikainuka nikalifunga, isiwe nimemdanganya.

Akaniuliza zile nyota zangu zilikuwaje hasa, hakuwahi kuziona. Nikamweleza. Ndogo, nyeusi, zimepangwa mstari mmoja, zote zinafanana. Akasema kwa hiyo hata mwenyewe huwezi kujua ipi ni ipi. Nikamwambia hapo ndipo penye uzuri wake. Alinipapasa kichwani kama zamani nikitoka shule. Alipitisha mkono kwanza hewani, pembeni ya sikio, ndipo akanipata.

Daktari anarudi Septemba. Alishasema jicho lile halina tena la kufanywa, lakini daktari yule hanijui. Nimeanza orodha yangu mwenyewe, hapa nyumbani, kwenye kompyuta ya mitumba ambayo mpwa alinunua kwa ajili ya mitindo yake ya nguo. Dada ni namba moja. Fomu nimeunda peke yangu, fundi alikataa kuja. Safari hii hata jina la mtumiaji linatoka nyota. Neno la siri sijaliandika popote, hata humu. Bi Rula aje ahesabu.

Kitufe cha a kinakwamakwama kidogo. Si neno. Kwenye fomu yangu haionekani.