Majirani Ishirini na Watatu wa Sixten Brolund

Sixten Brolund alikuwa na pua ya kunusa mtu anayetaka kupendwa. Wengine hunusa mvua, wengine hunusa mkate unaookwa. Yeye alinusa upweke wa makampuni. Ndiyo maana asubuhi ile ya Machi, katika mkahawa mmoja wa mji wa Gothenburg, Uswidi, alipomsikia mwanamke wa meza ya jirani akiisonya simu yake, aliacha andazi lake la mdalasini katikati na kugeuza kiti.

"Wamekutukana wangapi?" akauliza kwa upole wa daktari.

"Elfu mbili na kitu," akajibu yule mwanamke kabla hajakumbuka kwamba hawajuani. "Aliyetusifu ni mmoja tu."

"Nani huyo?"

"Mama yangu."

Aliitwa Pernilla Stenfors, meneja wa kampuni ya Bubbla. Bubbla walichukua nguo chafu mlangoni pako, wakazirudisha zimepigwa pasi, nawe ukalipia kila mfuko kwa simu. Lilikuwa wazo zuri, isipokuwa karibu kila jengo la mji ule lilikuwa na chumba cha kufulia chini ya ardhi, mali ya wakazi wote. Basi Bubbla wakaanza kuyabembeleza majengo: tupeni hicho chumba tukifanye ghala letu, mashine zenu ziuzeni kama chuma chakavu, sisi tutawafulia. Jengo la kwanza kuombwa lilikuwa Rönnen, mtaa wa Majorna. Wakazi wake wangepiga kura Alhamisi ya mwisho ya Aprili. Wakikubali, mji mzima ungefuata. Wakikataa, Pernilla angeanza kuandika barua za kuomba kazi.

"Kosa lenu ni kujisemea wenyewe," Sixten akamwambia. "Kampuni ikijisifu, hilo ni tangazo. Jirani akiisifu, huo ni ukweli."

"Sina jirani wa kunisifu."

"Mimi ninao. Unataka wangapi?"

Pernilla alitazama kushoto na kulia, kama mtu anayevuka barabara. "Ishirini," akanong'ona.

"Nitakupa ishirini na watatu. Watatu ni zawadi. Hatuandikiani chochote, na hutanilipa kitu mpaka siku ya kura. Wakisema ndiyo, kronor laki nne. Wakisema hapana, hatujawahi kuonana."

Tusiharakishe kumhukumu. Kuna watu wanaofinyanga vyungu na kuna wanaochonga viti. Sixten alitengeneza majirani, na alikuwa fundi. Ndani ya wiki mbili, kikundi cha mtandaoni cha wakazi wa Rönnen, ambacho hakikuwa na bawabu, kilipata sura mpya. Alikuwamo Holger, mstaafu wa reli, mjane, mpenda ndege. Alikuwamo Siv, mwalimu wa piano mwenye baridi yabisi. Alikuwamo Jonna, mama mchanga asiyepata usingizi. Wote walikuwa na paka, maumivu na maoni, na maoni yao yalifanana: maisha yangekuwa matamu mno Bubbla wangekuja.

Majina yao, magonjwa yao na nywila zao Sixten aliyaandika kwenye daftari dogo la bluu, lililokaa siku zote mfuko wa ndani wa koti lake la sufu. Mtu anayeuza uongo wa mtandaoni hauamini mtandao hata kidogo.

Alikosea mahali pamoja tu. Sixten alizaliwa kwenye nyumba kubwa yenye bustani, na mashine ya kufulia ilikuwa yao peke yao, kando ya jiko. Hakuwahi kushiriki mashine na mtu. Kwa hiyo, siku moja, Holger akaandika hivi: "Jumapili alfajiri nilijisikia kufua, nikashuka nikafua. Lakini chumba kile ni kichafu! Bubbla watatuokoa."

Gullbritt Öhrn alisoma maneno hayo akiwa na miwani, kisha akayasoma tena bila miwani. Alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha Rönnen. Alikuwa anapangusa machujio ya mashine kila siku. Tangu mumewe Rune afariki, kule chini ndiko alikosalimiana na watu. Siku ambayo hakushuka, jua lingeweza kuzama bila yeye kusikia sauti yake mwenyewe.

Akamgongea Mirsad, dereva wa basi, baba wa watoto wanne.

"Eti alijisikia kufua, akashuka," Gullbritt akasema.

"Shangazi, nani hapa anafua akijisikia? Mke wangu alijifungua Jumanne, siku ya zamu yetu. Niliomba kubadilishana kwa maandishi, nikiwa bado hospitali!"

Wakashuka kuutazama ubao. Kila nyumba ilikuwa na kufuli lake dogo lenye namba, na ukitaka kufua ulilichomeka kwenye siku na saa yako. Nyumba arobaini na moja, makufuli arobaini na moja. Gullbritt aliyajua yote kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake. Kufuli la Holger halikuwapo. La Siv halikuwapo. La Jonna, ambaye kwa mtoto mchanga angefua kila siku, halikuwapo.

"Hawa si watu," Gullbritt akasema taratibu.

"Tuwaumbue sasa hivi! Mimi nafua mifuko sita kwa wiki, shangazi. Bubbla watakula mshahara wangu na soksi juu."

"Ukiwaumbua leo, kesho watarudi na majina mengine. Namtaka mwenye nao."

Jioni ile akaandika kwenye kikundi: "Karibuni, majirani wapya. Makufuli yenu sijayaona ubaoni. Njooni mchukue kwangu, Alhamisi saa kumi na nusu, kabla ya mkutano. Mtu asiye na kufuli, sisi hapa hatujui tumwite nani."

Wakazi wakaanza kuuliza: Holger, wewe kufuli lako namba ngapi? Siv, unafua wapi, mtoni? Pernilla akapiga simu, sauti imempaa. "Sixten, kufuli ni nini?"

"Kitu kidogo. Naenda kuchukua moja, wanyamaze."

Alhamisi akashuka ngazi za Rönnen mpaka chumba cha kufulia, koti la sufu la rangi ya ngamia likimtangulia kwa heshima.

"Mimi ni mpwa wake Holger. Magoti yanamsumbua mzee."

"Pole yake," Gullbritt akasema. "Na ndege zake?"

"Wazima, wanakusalimu."

"Ndege wana adabu hao. Kaa, mwanangu, unywe kahawa."

Alikaa. Alipewa kahawa na biskuti za aina nne. Alipofika aina ya tatu, mkono wa Gullbritt ulitetemeka, birika likainama, na kahawa ikamwagika kwenye koti, shati na suruali.

"Nisamehe! Uzee huu! Vua haraka, kahawa ikikaukia kwenye sufu ndiyo basi tena. Chukua joho la marehemu, liko pale mlangoni. Bafu hilo hapo."

Sixten akachomoa simu na pochi, akaingia bafuni, akamnyooshea Gullbritt nguo kupitia upenyo wa mlango. Alipotoka, ndani ya joho la kuogea la mistari lililomfika magotini, koti lilikuwa tayari linazunguka kwenye mashine.

"Daftari langu!" akapiga kelele.

"La bluu? Nimelitoa. Kanuni ya nne hiyo hapo ukutani, hakuna karatasi mashineni. Utalipata koti likitoka mashineni."

"Nalitaka sasa, bibi."

"Sasa koti halitoki. Dakika arobaini na saba, na mlango haufunguki katikati. Kula biskuti."

Sixten akatazama mikono ile ya kizee, joho lile, biskuti zile. Akacheka moyoni. Bibi kama huyu angeyafanyia nini majina ya watu? Akala aina ya nne.

Daftari lilikuwa limepandishwa ngazi Sixten akiwa bado bafuni, na wakati huo lilikuwa ghorofa ya tatu, mezani kwa Mirsad, na watu tisa walikuwa wameliinamia, kila mmoja na simu yake, wakibadilisha nywila moja baada ya nyingine.

"Mimi namchukua Holger!" mmoja akasema.

"Holger wangu. Wewe chukua Siv, una sura ya piano."

Kufika saa kumi na mbili Sixten alikuwa na daftari lake mkononi, ila koti bado lilikuwa kwenye kikaushio. Akaingia mkutanoni na joho, akakaa kiti cha nyuma kabisa, simu tayari. Mbele, Pernilla alikuwa amekirusha kikundi cha wakazi ukutani, kikubwa kama pazia la sinema.

"Msinisikilize mimi," akasema kwa tabasamu la mafunzo. "Wasikilizeni majirani zenu!"

Sixten akaandika nywila ya Holger. Si sahihi. Akaandika ya Siv. Si sahihi. Jonna? Si sahihi. Jasho likamtoka ndani ya joho la marehemu.

Ukutani, Holger akazungumza. "Nimetafakari. Miaka yote ambayo sikuwahi kufua hapa, sijaona chumba safi kama hiki."

Siv akafuata: "Bubbla walinirudishia soksi moja. Nina miguu miwili, ingawa bado sijathibitisha."

Jonna: "Mtoto wangu halali mpaka asikie mashine za chini. Mkiziuza, nitamleta alale kwa Pernilla."

Ukumbi ulitikisika kwa vicheko. Majina yakazidi kumiminika, kumi, kumi na tano, ishirini na watatu, na kila mmoja alisema hapana kwa namna yake.

"Hawa si wakazi!" Pernilla akapiga ukelele.

"Kumbe?" Gullbritt akasimama. "Dakika mbili zilizopita uliniambia niwasikilize."

Kule nyuma joho la mistari likainuka.

"Huyo siye Holger!"

"Wewe unajuaje?" Gullbritt akauliza, kisha akajipiga paji la uso. "Aa, ni kweli. Wewe ni mpwa wake. Basi tuambie, mwanangu, Holger yuko wapi?"

Sixten akalikaza joho kiunoni, akakaa chini. Kura zikapigwa. Thelathini na tisa walisema hapana, mmoja alisema ndiyo kwa sababu husema ndiyo kila mwaka, na mmoja hakuhudhuria. Ilikuwa zamu yake ya kufua na hakutaka impite.

Pernilla alimkuta Sixten kwenye ngazi. "Umenitapeli!"

"Nenda kashtaki," Sixten akasema kwa uchovu. "Waambie polisi ulinunua watu ishirini na watatu, nao wakakugeuka. Mimi nitakuwa nyuma yako kwenye foleni, nimeibiwa watu hao hao."

Kisha akaondoka na joho lake, akipita mtaa mzima wa Majorna na miguu mitupu, na hakuna aliyemtazama mara mbili, maana huko watu wanaheshimiana.

Alirudi Jumamosi, joho limekunjwa vizuri kwapani. Chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa mvuke na mazungumzo. Gullbritt alikuwa akimshikia Mirsad mtoto wake, akicheka, wala hakugeuka. Kwenye kamba, kando ya ubao, lilining'inia koti la sufu la rangi ya ngamia. Lilikuwa limefuliwa kwa maji ya moto sana. Sasa lingemtosha mtoto wa miaka mitano, tena mwembamba.

Kifuani palibanwa karatasi:

"Mpwa wangu mpenzi, zamu yako iliisha Alhamisi. Tafadhali ondoa vitu vyako, wenzako nao wanataka kufua. Wako, mjomba Holger."

Na chini yake walikuwa wametia sahihi wale wengine ishirini na wawili, kila mmoja kwa mwandiko wake mwenyewe.