Sakafu ya Mama Jacot

Numa Perrenoud aliingia kwenye karakana ya Huguette Jacot akitafuta choo, akatoka akiwa mvumbuzi wa vifaa vya tiba. Wengine huisomea kazi hiyo mpaka nywele zinakatika. Yeye alihitaji kuinama tu, afunge kamba ya kiatu.

Siku hiyo alikuwa amepanda Le Locle, mji wa saa kwenye bonde la juu milimani Uswisi, na bangili za sumaku za kushusha presha, buti zima la gari, na hakuwa ameuza hata moja. Watu wa kule juu wamerithi kazi ya saa kwa babu zao. Ukimpa mzee bangili hakuulizi inatibu nini; anachomoa lenzi mfukoni, anaibana jichoni, anakikagua kibanio chake, halafu anakurudishia kwa upole, kama anayekurudishia mtoto wako aliyejichafua. Numa alizaliwa bonde hilo hilo, akahamia Lausanne waliko watu wasiotembea na lenzi, na adha hiyo alikuwa ameisahau.

Basi akapitishwa katikati ya mashine, kuelekea chooni. Karakana ya Mama Jacot ilikereza skrubu za titani za vile vifaa vinavyopachikwa kifuani ili moyo usisahau kudunda. Skrubu ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umepoteza kazi ya asubuhi. Lakini Numa hakutazama skrubu. Ukutani kulikuwa na picha ya zamani ya wanaume wenye masharubu na aproni za ngozi, na chini yake maandishi: Jacot na Wanawe, Makasha ya Saa ya Dhahabu. Akasoma, akaitazama picha, kisha taratibu akatazama chini.

Mbao. Pana, nyeusi kwa uzee, na kati ya ubao na ubao nyufa zilizojaa uchafu wa vizazi.

Asiyetoka kule aelewe hivi. Ukiipiga dhahabu tupa, si yote inayobaki kwenye kasha. Nyingine inaruka, inaanguka, inakanyagwa, inaingia kwenye nyufa na kulala humo. Babu yake Numa alikuwa akinawa kwenye beseni ambalo maji yake hayakumwagwa, na aproni yake ilipochakaa bosi aliichoma mwenyewe na kuyachekecha majivu. Sakafu kama ile ni benki isiyo na karani. Ndipo Numa alipoinama kufunga kamba, akapitisha kidole kwenye ufa, akakitazama kwenye mwanga, akakilamba. Mama Jacot, mjane mfupi wa miaka sitini na kitu, alikuwa karibu na dirisha akifuta miwani. Alimwonyesha choo kilipo.

Mgahawani, kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa, Numa alipewa habari zote za mjane huyo. Kampuni iliyokuwa ikinunua skrubu zake, ile yenye jengo la vioo bondeni, ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia majira ya kuchipua haitapokea kitu kisichooshwa na kufungashwa ndani ya chumba kisicho na vumbi. Bei ya skrubu haikuongezwa hata senti. Vumbi tu ndilo lililopunguzwa. Bila chumba hicho oda ingehamia kwingine, karakana ingefungwa, na watu wake watano wangekaa nyumbani kuitazama theluji. Mama Jacot alikuwa ameenda benki. Benki ilimsikiliza kwa adabu kubwa, ikampa peremende.

Numa alisikitika sana. Alisikitika mpaka akaagiza keki.

Pesa hakuwa nazo, lakini alikuwa na Beat. Beat Zurflüh alinunua vyuma chakavu huko Bienne na kuviyeyusha, mtu mnene anayeongea taratibu kama vile kila neno analilipia ushuru. Numa alimweleza mpango. Beat akafikiri muda mrefu, kisha akauliza kwa nini wasiende tu kuinunua hiyo sakafu.

"Ukitaka kununua sakafu kule, ndugu yangu, hata mtoto wa kunyonya atakutajia bei ya dhahabu ya jana," Numa alisema. "Ile lazima tuichukue kama takataka. Yaani mwenyewe atushukuru."

"Na chumba chake nalipa mimi."

"Unapanda mbegu, Beat."

Beat akafikiri tena, mate yakimjaa mdomoni. Tamaa ya mtu mzito huchelewa kuondoka, lakini ikishaondoka haina breki. Akauza winchi yake, akauza na shamba la marehemu shangazi yake.

Numa alirudi kwa Mama Jacot amevaa miwani isiyo na nguvu na koti la kijivu la watu wanaofikiri. Kwenye kiganja alishika kidude cha ukubwa wa dengu. Ilikuwa ile chipu ya kadi yake ya benki, kadi iliyofungiwa siku nyingi, ameikata kwa mkasi na kuidondoshea gundi ya kung'aa. Akaeleza kwamba Dengu inapachikwa chini ya ngozi, inausikiliza moyo, na moyo ukikusudia kusimama, simu yako inalia kabla ya jamaa zako. Uvumbuzi huo, alisema, ungeokoa mamilioni ya watu. Kilichokosekana ni kona ndogo isiyo na vumbi ya kuutengenezea.

Mama Jacot alibana lenzi jichoni. Aliigeuza Dengu huku, akaigeuza kule.

"Kingo hazijapigwa tupa," alisema.

"Ni ya majaribio, mama."

"Hata ya majaribio ina kingo."

Numa akaruka haraka kwenye masharti. Yeye angejenga chumba kwa gharama zake. Angetumia kona moja. Kwingine kote mama aoshe skrubu zake bure, miaka na miaka. Alichoomba ni kitu kimoja tu, tena cha kusaidia: zile mbao chafu za sakafu zing'olewe, maana mbao huzaa vumbi, na vumbi ni adui wa moyo wa binadamu. Angezibeba mwenyewe, mama asihangaike. Alilitamka neno vumbi kwa chuki kubwa, huku macho yake yakililamba.

Mama Jacot alikaa kwenye stuli. Akasema sakafu hiyo marehemu Fernand wake aliitembea kila siku ya maisha yake ya ndoa. Kuna mahali alikuwa akisimama mpaka ubao ukapata shimo la kisigino. Anamng'oaje Fernand?

Numa, kwa kumwonea huruma, akaongeza mlango wa vioo viwili, ule wa kupulizwa hewa kabla ya kuingia. Mama Jacot alishukuru, lakini leso ikabaki mkononi. Akaongeza machujio ya hewa ya dari nzima. Akaongeza chumba cha kubadilishia nguo. Mjane akatulia, akavuta pumzi, akalitazama lile shimo la kisigino, akaanza upya. Ilipofika jioni Numa alikuwa amemwahidi pia mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, nayo haikuwa hata kwenye hesabu za Beat.

"Unaipenda kweli sakafu hii, mama," alisema, jasho likimtoka.

"Naipenda, mwanangu. Hujui tu."

Mkataba waliutia saini kwa mthibitishaji wa serikali, na baada yake ikafuata divai nyeupe na biskuti za vijiti zenye chumvi, kwa sababu kule karatasi isiyonywewa divai haijakauka. Chumba na kila kilichomo kilikuwa cha karakana. Mbao zilikuwa za Numa na mwenzake. Numa mwenyewe ndiye aliyeshikilia kiandikwe kifungu kwamba zikishatoka mlangoni hakuna upande unaoweza kudai, kurudisha wala kulalamika. Mthibitishaji aliuliza kama wana uhakika. Wote wakasema ndiyo, na Mama Jacot akajifuta chozi.

Ubomoaji ulipoanza, wafanyakazi wa karakana walishangaa. Hawakuwahi kumwona mvumbuzi msafi kiasi kile. Numa alipiga magoti na brashi ya kunyolea ndevu, akafagia kila ufa, uchafu akaumimina kwenye mifuko na kuifunga kwa utepe. Mfanyakazi mmoja alipokung'uta soksi zake, Numa alimfuata na kijikoleo. Kisha mafundi wa Beat wakaingia: sakafu nyeupe isiyo na mshono, dari ya machujio, vioo, mabomba. Kila bomba lilipofungwa Beat aliguna kama anayeng'olewa jino.

Mbao zilipelekwa Bienne chini ya turubai, Numa amekaa juu yake.

Wakaziingiza kwenye tanuri chache chache. Mwanzoni moshi ulikuwa moshi. Baadaye ukaja na harufu. Beat akanusa, akanusa tena.

"Hii ni jibini," alisema.

"Dhahabu ya zamani ndivyo inavyonuka," Numa akamjibu, na macho yake yakaanza kutafuta mlango.

Mpaka mchana mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamekaa nje ya uzio kwa nidhamu, wakingoja kugaiwa. Majivu yalichekechwa, yakaoshwa, yakayeyushwa na dawa zote anazozijua Beat. Ndani ya chungu ilibaki chumvi, na misumari. Kidogo hivi kilichong'aa, Beat alikichokoa kwa kibano, kikawa ni kishikizo cha koti la Numa.

Wakarudi Le Locle. Numa alitangulia kuingia, akakutana na kioo. Upande wa pili watu watano waliovaa nguo nyeupe tangu unyayoni hadi kichwani, macho tu ndiyo yaliyoonekana, walikuwa wakifungasha skrubu. Hakuna aliyeinua uso. Wa sita, mfupi, alikuja kwenye kidude cha kuongelea kilichopo kwenye mlango.

"Usiingie, bwana. Una majivu."

Numa alibandika pua kwenye kioo. Alimuuliza dhahabu iko wapi. Lile neno alilolificha majira yote ya baridi likamtoka lenyewe.

Mama Jacot alimjibu bila haraka. Fernand aliing'oa sakafu ya baba yake zamani, kabla hawajaoana, mwaka ule bei ya dhahabu ilipopanda kichaa, akaichoma kwenye bustani, na pesa yake ndiyo iliyonunua mashine ya kwanza ya kukerezea titani. Bonde zima lilifanya hivyo. Nani angeiacha dhahabu ilale chini, na yeye anaikanyaga? Halafu mjomba wake Fernand alikuwa anabomoa ghala lake la jibini, akawapa mbao bure.

"Ulilia," Numa alisema. "Ulisema unaipenda."

"Fernand alisimama pale kweli. Nililia kweli. Wewe hukuniuliza mbao zimetoka wapi, uliniuliza kama nazipenda." Macho yale yalimtazama juu ya barakoa. "Mtu wa mitambo akija kuangalia chumba huangalia dari na umeme. Wewe ulilamba kidole."

Numa aligeuka amtafute shahidi. Beat alikuwa nyuma yake, na alikuwa amesikia kila kitu. Halafu akamsogeza Numa kando kwa bega, kama mtu anavyosogeza kiti, akainamia kidude cha kuongelea.

"Mama," alisema, "hivi vijinyweleo vya titani vinavyobaki kwenye mashine. Unamuuzia nani?"

Walielewana palepale. Mapipa ya vyuma yalikuwa uani, Beat akayapakia, na yalipojaa nyuma alilipakia moja la mwisho mbele, kwenye kiti cha Numa, akalifunga mkanda kwa uangalifu. Numa alimkimbilia akimweleza kwamba kuna nafasi, kwamba yeye ni mwembamba, kwamba ana wazo jipya kabisa kuhusu jibini. Gari likaondoka.

Ndani, Mama Jacot alisubiri mpaka barabara ikawa tupu. Kisha akachukua kitambaa kilicholoweshwa spiriti, akatoka, akasimama mbele ya kioo na kuifuta alama ya pua ya mvumbuzi.