Kiti cha Mbele kwenye Kayaki ya Mwanao

Mzazi mwenzangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye suruali yake bado iko kwenye kamba. Binti yangu ameniambia mwezi ujao utatutembelea, na kwamba mwanao ameahidi kukupeleka ziwani kuvua kwa chambo cha manyoya. Kwa kuwa watoto hawa wametuunganisha, naona ni wajibu wangu kukuomba ukatae, na ikiwezekana umkanye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chombo chenyewe ni kijimtumbwi chembamba cha plastiki, chenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Magoti yako yanakaribia kidevu. Mwanao hukaa nyuma yangu, na ndoana yake hupita juu ya kichwa changu. Tangu lini mkwe akavua kofia ya baba mkwe, kisha akasema, "Samahani Baba, usitikisike, imenasa"?

2. Chambo si mnyoo wala kipande cha nyama. Ni manyoya aliyoyafunga kwa uzi yafanane na mdudu, juu ya meza yangu, kwa kibano changu cha kazi. Manyoya aliyatoa kwenye mto wa mke wangu. Lawama nilibeba mimi.

3. Kwa kuwa mnakaa chini sana, uzi ukirushwa ovyo hugonga maji nyuma yako. Fimbo ya kuvulia sharti iinuliwe, isimame kidogo, ndipo irudi mbele. Hilo nalielewa. Lakini kijana aliniambia, "Baba, nyuma ishia saa moja, mbele saa kumi." Mzee mwenzangu, mimi ni fundi saa. Saa moja na saa kumi, mshale mfupi huelekea chini. Nikatii, fimbo ikazama pande zote mbili. Kumbe alikuwa anataja namba zilizoandikwa kwenye saa, 1 na 10, zilizo juu. Alicheka mpaka tukapinduka. Kasia alikuwa amelifunga kamba lisipotee. Mimi hakunifunga.

4. Mwishowe tulipata samaki wa urefu wa mkono wangu. Mwanao akalowesha viganja, akamtoa ndoana taratibu, akamwachia. "Ana kwao, Baba," akasema. Nikamtazama samaki akirudi kwao, jambo ambalo mimi sijalifanikisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

5. Hili ndilo zito. Anayekaa mbele haonekani uso. Kwa hiyo nimejikuta nikisimulia mtaa wetu wa zamani, na watu wake nyumba kwa nyumba, mambo ambayo hata binti yangu hajayasikia. Kijana hakunikatiza. Aliteremsha nanga, akauliza tu, "Halafu ikawaje, Baba?" Mzee wa umri wangu kuchotwa maneno hivyo na mkwe wake ni utovu wa adabu usiovumilika.

Hivyo nakusihi, kwa faida ya mgongo wako, ubaki nchi kavu na gazeti lako.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, pamoja na jirani yenu anayeniulizia kila mara ingawa hatujaonana.

Wako katika ukwe na unyevu,
Baba wa mke wa mwanao

Tanbihi: Kijana amepiga simu sasa hivi. Upepo umetulia, Jumamosi tunakwenda, na nimekubali kabla hajamaliza kusema. Wewe karibu sana, ila kiti cha mbele nimekwisha kukirekebisha kwa urefu wa miguu yangu. Usikiguse. Masimulizi nimeyaachia pale kwenye siku tulipofunga mlango wa nyumba yetu ya mtaa ule tukaondoka, na ukikaa wewe pale, nitammalizia nani?