Babu Yuko Sebuleni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimefika Masukulu. Projekta kavu, mimi nimelowa chapachapa. Manyunyu yaleyale ya utotoni. Niliposhuka stendi ya Tukuyu nikanusa moshi wa kuni na majani mabichi ya chai. Nikajikaza. Mwanafunzi wa masta halii stendi.

Mpango ni huu. Kwa ajili ya masta yangu ya sanaa na ubunifu wa midia shirikishi, nitamrudisha babu Anyelwisye nyumbani. Alitutoka miaka minne iliyopita, lakini kabla hajafa nilimrekodi kwa simu, saa tisa nzima. Nitamrusha ukutani sebuleni, kimo chake kamili, kwenye kiti chake. Kamera inamwona anayeingia. Babu anakohoa, anainua kichwa, anasalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile!" Ukimwongelesha, programu inachagua kipande cha rekodi, naye anajibu.

Wanatakiwa watu ishirini na tano wakae wamtazame, na kamera inaweka kumbukumbu. Dkt. Modesta, msimamizi wangu, anakuja kukagua Jumamosi. Nikikosa idadi, narudia mwaka. Sia, mwenzangu darasani, kaweka mradi wake kwenye duka kubwa Dar, kashapata mia mbili. Kaposti kwenye kundi la WhatsApp. Na vicheko juu!

Ishirini na tano, tena kijijini kwetu? Kesho saa nne nimemaliza.

Jumanne, 10 Juni

Inafanya kazi! Babu kakohoa, kanisalimia. Niliganda. Kikohozi kile kilikuwa kinatuamsha nyumba nzima alfajiri. Nikamwitikia kwa adabu zote, mikono nyuma, ndipo nikakumbuka kwamba nimemtengeneza mwenyewe.

Nikamwita mama awe mtu wa kwanza. Akafika mlangoni, babu akakohoa. Lo! Mama akaangusha ungo, akajifunika kanga usoni, akakimbilia migombani.

Nikamfuata, nikamweleza kwamba ni mwanga tu. Akasema anajua ni mwanga, yeye si mjinga. Lakini yule ni baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Miaka thelathini na mmoja hawakutazamana, hata jina lake hajawahi kulitamka, ndiyo aanze leo? Nikamuuliza mbona picha ya babu iko ukutani siku zote. Akasema picha haimwoni. Hii je, si mimi mwenyewe niliyejisifu kwamba inamwona kila anayeingia?

Miaka miwili darasani hakuna aliyeniuliza swali zito hivyo. Akamalizia kwamba akili nyingi huondoa maarifa, akarudi jikoni kwa kupitia uani.

Jumatano, 11 Juni

Akili mpya: kwaya ya akina mama. Nimewaalika wote kumi na wanne, chai na maandazi. Nilisahau jambo moja dogo. Kumi na mmoja wameolewa kwenye ukoo wetu. Wakamwana watupu! Babu alipokohoa, wengine walitokea mlangoni, wengine dirishani, na maandazi yangu mkononi. Wakabaki watatu.

Alasiri kaja mzee Hosea, jirani. Kakaa na babu saa mbili, mlango umefungwa, na kwenye hesabu ni mtu mmoja tu. Kumbe alikuwa anamuuliza habari za ule mgomba wa mpakani waliougombania tangu sijaanza shule. Programu yangu ikamchagulia jibu: "Chukua tu, bwana." Hosea katoka moja kwa moja na panga. Mkungu umekwenda. Mama kasema babu aliulinda mgomba ule miaka ishirini, na mimi nimeugawa kwa siku tatu.

Ukijumlisha na vijana wanne waliopita kuchaji simu, jumla wanane. Jamani!

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata dawa. Kamera haiulizi jina. Nimeingia sebuleni mara kumi na saba: na koti la baba (yeye yuko Mpanda anafundisha, hana habari), na kanga, na kofia ya sufu, na mto tumboni. Nane na kumi na saba, ishirini na tano. Chezea msomi wewe!

Mara ya mwisho nilivaa sweta langu la shule ya msingi. Linaishia kitovuni. Nikataja shule, babu akaanza kusimulia alivyokuwa ananivusha mto asubuhi kwenye ukungu, kanishika mkono, na mimi nalia sitaki shule. Nilikuwa nimeusahau ule mkono. Nilikaa chini nusu saa na sweta langu. Hiyo nayo nimeihesabu mtu mmoja.

Ijumaa, 13 Juni

Alasiri nikasikia mtu anapukuchua mahindi nje, nyuma ya ukuta wa sebule. Mama. Kakaa kwenye kigoda chini ya upenu, kaupa ukuta mgongo. Kumbe yuko pale kila siku tangu Jumanne! Akaniambia, bila kunitazama, nikasimame mbele ya kamera. Yeye hawezi, na watu wakiondoka mzee ananyamaza.

Nikasimama. Mama akapaza sauti kidogo: nimwambie chakula tayari, ni ndizi kwa maharage.

Hapo yote yakanirudia. Nilikuwa mjumbe wao. Mama jikoni, babu sebuleni, mimi katikati nimebeba sahani na maneno. Mwambie chumvi imezidi. Mwambie ale hivyohivyo. Nikamwambia babu. Programu ikachagua kipande ambacho hata sikumbuki kukirekodi, babu anajifuta mdomo na kushukuru kwa Kinyakyusa: "Mwambie mama yako, ndaga. Mwambie sijalala njaa hata siku moja katika nyumba hii."

Mahindi yakaacha kudondoka kwenye ungo. Mama akasema nimjibu asante kushukuru.

Nililia. Nampenda mama yangu na nimemkumbuka sana babu. Naandika hapa kwa sababu daftari hili Sia halisomi.

Jumamosi, 14 Juni

Dkt. Modesta kafika saa nne na mabuti ya mvua. Kafungua kumbukumbu za kamera. Kisha akauliza, kwa upole, kama ni desturi ya Masukulu watu kumi na saba, wake kwa waume, kuvaa yeboyebo za njano zilizokatika mguu wa kushoto. Nikasema ni fasheni ya huku. Akatazama miguu yangu.

Maji yalinifika shingoni. Nikaona mwaka wangu unakwenda. Mara sinia la chai likapenya dirishani, na mkono. Mkono tu. Akauliza huyo ni nani. Nikamweleza. Akatoka na kikombe chake, akaketi na mama chini ya upenu hadi saa saba. Niliwasikia wakicheka.

Aliporudi, uamuzi: nifute wale kumi na saba. Wanane na mama wanatosha, ila niandike tasnifu upya kumhusu huyo asiyetaka kuonwa, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja kila siku. Mwisho wa Julai. Na nisiguse kitu! Kiti kilivyo, ukuta ulivyo, mama pale alipo. Alirudia mara tatu, na mimi akanifanya nirudie.

Jumapili, 15 Juni

Nimenusurika! Mama kachangamka, kaniuliza kama mzee anaweza kubaki hadi Desemba, baba arudi. Leo kapukuchua mahindi huku akiimba.

Nimeyatafakari sana maneno ya Dkt. Modesta, na nimemwelewa vizuri kabisa. Mama anastahili makubwa zaidi. Maskini, miaka thelathini na mmoja! Kwa hiyo alipokwenda kisimani nimetoboa ukuta. Kamera ya pili, ya akiba, imeenea tunduni barabara. Kigoda nimekigeuza kielekee tundu. Jina la mama sikulipata kwenye rekodi, nimeliunga silabi kwa silabi: Se-ke-la. Kesho akiketi tu, babu atageuka, atamtazama usoni na kumwita.

Sijamwambia. Nataka iwe sapraizi.