Mkanda wa Mlimani, na Sisi Tuna Ziwa

Granträskby, tarehe 9 Machi

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima. Nimekuwa msomaji wako kwa miaka thelathini na minane na sijawahi kukusumbua, hata mlipotangaza kifo cha mjomba wangu naye yuko mezani anakunywa kahawa. Leo yamenifika shingoni.

Mkanda wa pikipiki yetu ya theluji ulichanika mwezi Januari. Kwa wasomaji wako wa Stockholm, kama wapo, mkanda ni ule mpira mpana unaozunguka chini ya mashine, wenye meno ya kushika theluji. Mume wangu, Sixten, alipewa kazi moja tu: achague mwingine. Wa zamani ulikuwa na meno ya milimita thelathini na mbili. Angeijaza namba hiyo kwenye fomu, maisha yakaendelea. Badala yake alijifungia na katalogi wiki tatu, kisha akaagiza meno ya milimita sabini na sita, ya kupandia milima yenye theluji ya kina kirefu. Ndugu Mhariri, mlima wa karibu uko kilomita mia mbili na kumi kutoka jikoni kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vipimo. Nilimuuliza theluji ya meno hayo ameiona wapi. Akasema, "Nimepima mwenyewe, Gunvor. Mita moja na nusu!" Nikavaa buti, nikamfuata nje anionyeshe. Bwana alikuwa amepima lile lundo lililo ukutani mwa ghala, ambalo yeye mwenyewe amelirundika kwa koleo tangu Novemba. Nikamwambia, "Haya, basi utakuwa unaendesha hapo hapo, huku na huku?" Akavuta pumzi ya ghafla mdomoni, ambayo kwetu kaskazini maana yake ni ndiyo.

2. Dada yangu. Alfhild ana miaka sabini na minane, nyonga yake mbovu, na anaishi peke yake ng'ambo ya ziwa, ambako barabara haisafishwi. Kuni na chakula chake hufika kwa pikipiki yetu. Sasa upepo umefagia ziwa, imebaki barafu tupu, meno marefu yanajikunja juu yake bila kuikwangua, na mashine haipati theluji ya kuipoza. Mwezi huu imechemka mara tatu katikati ya safari, inanuka plastiki iliyoungua, na Sixten anaiinamia kwa huruma ambayo mimi sikuiona hata nilipojifungua. Mara ya tatu Alfhild alikaa dirishani tangu saa nne asubuhi akitusubiri, mwishowe akachoma kiti cha jikoni apate joto. Hili sitanii. Nina dada mmoja tu, na naogopa.

3. Meno yenyewe ni marefu kuliko nafasi yake, kwa hiyo yanatafuna tumbo la mashine. Nikauliza itakuwaje. "Usijali, yatajisaga yenyewe mpaka yatoshe." Yaani tumenunua meno marefu ili tuyasubiri yawe mafupi.

4. Wanaume wenzake. Kila Jumamosi wanakuja, wananimalizia kahawa na jibini la kuchovya humo, kisha wanachuchumaa nyuma ya mashine, wanatia vidole katikati ya meno na kushusha pumzi. Jirani yetu Börje, mwenye milimita sitini na nne, amekosa raha kabisa. "Sabini na sita! Sixten, wewe kweli dume!" Shamba la Börje ni tambarare kuliko hata meza yangu.

Ndugu Mhariri, serikali hii hainiamini na chupa moja ya divai. Divai huuzwa na serikali peke yake, kwa hiyo lazima niendeshe kilomita tisini hadi duka lake, na Jumapili limefungwa. Lakini mtu mzima mwenye katalogi anaachwa huru! Naomba basi gazeti lako lidai kwamba mikanda yenye meno marefu iuzwe katika maduka ya serikali tu, tena kwa sahihi ya mke. Kabla ya kuuziwa, ofisa aje apime theluji, na asikaribie ghala. Wenye zaidi ya milimita hamsini waandikishwe polisi kama wenye bunduki. Na atakayebainika kuwa hana mlima, manispaa imhamishie mlimani, akaishi huko na mkanda wake. Mimi nitabaki na ziwa.

Sixten nimempa mpaka Jumamosi afunge meno mafupi.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa wale walioolewa na watu wa katalogi. Mwambie na mkeo nampa pole, iwapo anaihitaji.

Wako, niliyeishiwa subira,
Gunvor Lidström

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu. Jumamosi Sixten alifunga mkanda wa meno mafupi, kama nilivyotaka, na ule wa meno marefu akauchukua Börje, akaufunga jioni ile ile. Jumapili theluji ikaanza kuanguka. Leo Jumanne inanifika kiunoni, uani, ziwani, kila mahali. Pikipiki yetu imezama hatua kumi kutoka mlangoni, kinachoonekana ni usukani tu. Tangu jana sijalala nikiwaza kuni za Alfhild. Asubuhi hii nikampigia simu. Akapokea huku anacheka.

"Usihangaike, mdogo wangu, Börje yuko hapa tangu saa mbili. Kaniletea kuni na maziwa, sasa tunakunywa kahawa. Hebu niambie, ana mkanda mzuri huyu, amepita kwenye theluji yote hii! Nyinyi kwa nini hamkununua kama huo?"

Kwa hiyo barua usiichapishe. Chapisha hili, ukurasa wa matangazo madogo: Unatafutwa haraka mkanda wa pikipiki ya theluji, meno milimita sabini na sita au zaidi. Mwenye nao apige simu na kumuulizia Gunvor. Akipokea Sixten, akate simu.